Wimbo wa Magunia 40

SEHEMU YA KWANZA

Lori la mbao lilipinduka kwenye kona za Kitonga saa kumi jioni. Kufika magharibi, mabasi ya Mbeya ambayo saa hizo yangekuwa yamepita Makambako yalikuwa yamejipanga kwetu Ruaha Mbuyuni, injini zimezimwa, abiria wakihangaika kutafuta chai na mahali pa kujisaidia. Ilikuwa Novemba 2016. Nilikuwa na miaka 17, na kwa sisi wauza vitunguu wa kando ya lami, foleni ni mavuno ya pili.

Bibi hakuwa mtu wa kukimbilia madirisha ya mabasi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Yeye alikaa kwenye kigoda chini ya mbuyu, taa ya sola miguuni, akichambua: vilivyochipua kushoto, vyenye jeraha kulia, vizima katikati, kwenye mafungu. Akichambua, anaimba. Wapagazi walikuwa wakisema kitunguu kikipita mikononi mwa Bibi kimekwisha lia, hakimlizi tena mpishi.

Alikuwa na nyimbo za harusi, za palizi, na za kuwasema mawifi. Lakini uliotembea ni mmoja:

Mtafuna njiti wewe, nasi tutafuna nini?
Gunia arobaini, wayala kwa meno gani?

Mwaka 2002 mnunuzi mmoja alipakia hapa magunia 40 ya lumbesa, kila gunia limevishwa kilemba mpaka kamba zinalia. Yalikuwa mali ya wajane saba, na Bibi wa nane. Pesa, alisema, ni mzigo ukifika Tunduma. Baba yangu akapanda juu ya magunia kwenda kuipokea kwa niaba yao. Redio ya lori ilikuwa ikipiga “Maria Salome” ya Saida Karoli, yule binti wa Bukoba. Siku hizo gari lilikuwa halipiti Mbuyuni bila sauti yake, ingawa Kihaya chake hapa hakuna aliyekielewa. Lori likapanda Kitonga likiimba. Mnunuzi hakurudi. Pesa haikurudi. Baba naye hakurudi.

Wanawake walikokwenda kushtaki waliulizwa jina kamili la mtu. Walichokuwa nacho ni saini isiyosomeka, na kumbukumbu ya mwanamume anayetafuna njiti ya kiberiti tangu asubuhi hadi jioni. Basi Bibi akatunga. Matingo wakaubeba wimbo juu ya mizigo yao, wakaushusha Mafinga, wakaushusha Makambako, wakaufikisha Uyole na soko la Soweto pale Mbeya mjini. Mimi nimekua nikiusikia kwa watu wasiojua kwamba mwenyewe yupo, anauza mafungu.

Usiku ule, basi lililosimama mbele yetu lilikuwa limefungulia spika. Ulikuwa “Salome” wa Diamond na Rayvanny, uliotoka mwaka huohuo, na vijana walikuwa wakiucheza katikati ya barabara kuu kana kwamba ni ukumbi.

“Kijana kaimba vizuri,” Bibi akasema, hata kichwa hakuinua. “Lakini huo wimbo una mama yake. Anaitwa Saida.”

“Na wako, mama? Mama yake ni nani?”

Aliyeuliza alikuwa ameshuka kutoka kwenye basi lile. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, koti begani, viatu vya mtu mwenye nafasi. Akainama kwa adabu. “Shikamoo.”

“Marahaba, baba. Kamwene.”

“Nimekusikia tangu kule. Huo unaouimba, kautunga nani?”

Bibi akainua uso. Taa ya sola ikampiga yule mtu kidevuni, nami nikaona alichokiona Bibi. Kwenye pembe ya mdomo wake, ikipanda na kushuka taratibu, kulikuwa na njiti ya kiberiti.

Nilidhani angepiga yowe. Bibi alisogeza gunia tupu, akalipigapiga vumbi. “Kaa, baba. Foleni haina haraka. Nitakuambia ulikotoka, ila ni mbali. Unaanzia Fumba, kusini mwa Unguja, kwa mwanamke mfinyanzi.”

Hadithi hiyo naijua kama njia ya kisimani. Babu alikuwa dereva wa malori kutoka Tanga. Alifuata ujenzi wa barabara ya Zambia, akamkuta Bibi hapa. Alipofariki alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri mbili za Siti binti Saad. Miaka ya sabini Bibi akaingia kisomo cha watu wazima, na kitabu cha kwanza alichokimaliza mwenyewe, kidole kikifuata mstari, kilikuwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Tangu hapo humzungumzia Siti kama mtu aliyewahi kukaa naye jikoni.

“Alizaliwa mwaka 1880 hivi,” akaanza. “Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, watu wa chini kabisa, na mtoto mwenyewe akaitwa Mtumwa. Hakuona mlango wa shule. Mama yake alifinyanga vyungu, yeye akavibeba kichwani kwenda kuvitembeza mjini, akinadi. Unajua kunadi, baba? Mtu hanunui chungu, ananunua ile sauti. Watu wakatoka milangoni. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Fundi mmoja, Muhsin Ali, akamfunza muziki, na wenye mji wakambadilisha jina. Aliyekuwa Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mkubwa.”

Yule mtu akatabasamu, akaketi.

“Mjukuu wangu,” Bibi akaniambia bila kunitazama, “nenda kwa mama yako mdogo. Mwambie akupe chungu.”

Nikaganda. Sisi tunapikia sufuria. Chungu cha mwisho nyumbani kwetu kilivunjika kabla sijazaliwa. Kitu kinachoitwa Chungu katika ukoo wetu ni kimoja tu, na hakikuwahi kutoka sandukuni tangu mwaka 2002.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mwanamume mwenye njiti mdomoni ameketi mbele ya Bibi, na Bibi amemtuma mjukuu wake kuleta “chungu”.

Chungu ni kaunta buku. Wajane waliita hivyo daftari lao la madeni ili mtu akisikia “chungu kimejaa” asijue ni fedha zinazotajwa. Ndani yake ilikuwamo saini ya mtu wa njiti.

Nilipita kati ya malori nikikimbia. Nikiwa usawa wa basi lile, mkono ulitokeza dirisha la nyuma kabisa, lenye pazia, ukaninyooshea noti ya elfu tano. Nikaupa fungu moja. Mkono ukarudi ndani bila kusubiri chenji. Siku nyingine ningeshukuru Mungu kwa abiria wa aina hiyo. Usiku ule sikuwa na nafasi ya kushukuru.

Mama mdogo anakaa ng'ambo ya mfereji wa umwagiliaji. Hakuuliza neno. Aliposikia “chungu” alivuta sanduku kutoka uvunguni, akaondoa kopo la mbegu lililokuwa juu. Kopo hilo nalo nililijua: lina maandishi ya baba kwa rangi nyeupe, BOMBEI, kila B imeandikwa kama nane iliyokatwa ubavuni. Ndiyo mbegu yetu, Bombay Red, kitunguu chekundu cha bonde hili. Chini ya kopo, ndani ya kanga, likalala daftari.

Nililifungua nikitembea, kwa tochi ya simu. Ukurasa wa magunia 40 ulikuwapo, na saini kama mdudu aliyechovya miguu kwenye wino. Ila jambo moja halikuwahi kusemwa mbele yangu. Baada ya ukurasa huo, karatasi moja ilikuwa imechanwa. Kilichobaki ni ukingo wake, wenye meno kama msumeno.

“Nani kachana hapa?”

“Sijui,” akasema mama mdogo. “Twende.” Alikuwa tayari anagonga mlango wa jirani.

Niliporudi, abiria kama kumi walikuwa wamemzunguka Bibi. Alikuwa amemfikisha Siti mahali ninapopapenda.

“Mwaka 1928,” alikuwa akisema, “kampuni ya santuri, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe, ikampandisha meli yeye na wenzake. Walikuwamo Budda bin Mwendo, Mbaruku, Subeti Ambari na Maalim Shaaban. Binti wa mfinyanzi wa Fumba huyo, akavuka bahari. Akaenda kuimba Kiswahili ndani ya mashine. Unajua wapi?”

“Wapi, mama?”

Akachukua kitunguu kizima, akamwekea kiganjani. “Bombei.”

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. “Kumbe mimi na Siti tumepita duka moja!”

“Mmepita, ila yeye alilipa,” Bibi akasema, na kicheko kikafa pole pole, kwa maana hakuna aliyejua kama ule ulikuwa utani. Akaendelea kana kwamba hakusema kitu. “Zile santuri zikarudi. Migahawa ikazipiga. Mtu wa Lamu, mtu wa Kilwa, wote wakasikia habari za Ng'ambo ya Unguja kwa lugha yao. Wenye wivu wakamtungia Siti maneno: mshamba, katoka shamba peku, na sura hana. Naye hakugombana. Akawajibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu mbele ya akili. Miaka ishirini na zaidi, baba, anatunga na kuimba. Usiku mmoja kwa Sultani, usiku mwingine kibarazani kwake, kwa wachukuzi na wapishi. Na wale wa kibarazani ndio waliomletea habari za kutunga.”

Wanawake walianza kufika. Hawakuja kwa kelele. Mmoja alikaa nyuma ya mbuyu, wawili wakakaa kwenye rundo la magunia, mmoja akasimama kando ya mlango wa basi kana kwamba anauza mayai. Nikampa Bibi daftari. Akaliweka mapajani, juu yake akaweka kitunguu, akaendelea kumenya.

“Sasa nikupe ule wimbo uliouzaa wa kwangu. Ulimhusu mtu aliyeitwa Kijiti.”

Njiti mdomoni mwa yule mtu ikasimama.

“Mwanamke alitoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja. Mjamzito. Akatoka na watu usiku, starehe na kinywaji. Kijiti akamwua. Wenzake wakaenda kortini kusema walichokijua. Na korti, baba, ikawageukia wao: mlimnunulia pombe, nyinyi ndio wenye kosa. Wakafungwa mashahidi. Kijiti mwenyewe hakushikwa.”

Hakuna aliyekohoa. Mto ulisikika huko chini.

“Basi Siti akatunga, akamtaja kwa jina. Wimbo ukaingia kwenye santuri, ukapigwa mchana mbele ya watu walewale waliofunga jalada. Ndipo nilipojifunza. Ikiwa hakimu hana masikio, tunga.”

Ghafla taa za mabasi zikawaka mbele, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua macho. Honi. Kitonga imefunguka. Konda akaruka chini akipiga ubavu wa basi: “Mbeya! Panda, panda, twende!”

Yule mtu akasimama, akajipangusa. “Asante kwa hadithi, mama. Safari njema kwetu sote.”

“Hujasikia mwisho,” Bibi akasema. “Hujauliza Kijiti alikimbilia wapi.”

“Alikimbilia wapi?”

“Bara,” akasema Bibi, akaondoa kitunguu juu ya daftari. “Huku kwetu.”

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Barabara imefunguka, konda anaita abiria, na Bibi amemfunulia mgeni daftari la magunia 40.

Wanawake saba walisimama kwa pamoja. Hakuna aliyeinua hata fimbo. Walisimama tu, kanga viunoni, na njia ya kwenda kwenye basi ikawa haipo.

“Saini hii ni ya nani?” Bibi akauliza.

Mtu yule akaitoa njiti mdomoni. Akaitazama kama kitu alichokiokota njiani, akaitia mfukoni. Nilitegemea akane. Wanaume wa simulizi hukana.

“Yangu,” akasema.

Mmoja wa wajane akapiga kofi la mshangao, akajifunika mdomo.

“Wimbo wako niliusikia mara ya kwanza Uyole, mwaka 2004,” akaendelea. “Nilikuwa nanunua. Mama mmoja akanitazama mdomo, akafunga gunia lake. Kesho yake wakafunga wawili. Mwaka huo niliacha vitunguu, nikahamia mbao Mafinga. Siku moja mwanangu wa darasa la pili akawa anauimba akioga. Akaniuliza, baba, huyu mtafuna njiti ni mtu kweli? Nikamwambia ni hadithi tu.”

“Na pesa ya watu?”

“Nililipa.”

Zogo likalipuka. Mama mdogo alikuwa wa kwanza, kisha wote saba, kila mmoja na hesabu yake: huyu aliyeuza mbuzi, huyu ambaye binti alitolewa shule, huyu aliyelala njaa na watoto wanne. Konda akapiga honi mara tatu. Bibi akanyanyua kiganja, na kelele zikakatika.

“Ulimlipa nani?”

Akatoa pochi. Ndani ya pochi kulikuwa na kipande cha nailoni, na ndani ya nailoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka njano kwenye mikunjo. Hakumpa Bibi. Alinipa mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mtoto, au kwa sababu aliona ninavyofanana na mtu.

“Soma, binti.”

Nikamulika kwa simu. NIMEPOKEA PESA YOTE YA VITUNGUU BOMBEI, MAGUNIA 40. TUNDUMA, 2002. Chini yake jina. Sikuhitaji kulifikia jina. Nilikuwa nimekwisha ziona zile B, kila moja kama nane iliyokatwa ubavuni.

Bibi akanyoosha mkono, nikampa. Hakusoma. Aliichukua ile karatasi, akaisogeza kwenye daftari, kwenye ukingo wenye meno ya msumeno. Meno yakaingia kwenye meno. Hakukubaki hata upenyo wa kupitisha uzi.

Nimemwona Bibi akizika ndugu. Nimemwona mwaka wa mafuriko, shamba zima limeingia mtoni. Sijawahi kumwona namna ile. Uso haukubadilika. Mikono ndiyo iliyozeeka, pale pale, mbele yetu.

“Miaka 14,” akasema mmoja wa wajane, kwa sauti ndogo. “Miaka 14 tumemwimba mtu wa watu.”

“Kwa nini hukuja?” Bibi akamwuliza yule mtu. “Una karatasi mfukoni. Kwa nini hukuja?”

“Ningekuja nimwambie nani, mama? Kortini mtu anakata rufaa. Wimbo una rufaa wapi? Kila soko nililofika, hukumu ilikuwa imenitangulia, na watu wanaipigia makofi.”

Bibi akafunga daftari taratibu. Nilijua anafikiri kwa mtu wake, kama afikirivyo siku zote. “Siti alikuwa na mashahidi,” akasema, labda kwangu, labda kwa mbuyu. “Kabla hajafungua mdomo, watu walikaa kibarazani kwake wakamweleza. Alisikiliza kwanza. Mimi nilimsikiliza nani? Nilisikiliza uchungu wangu. Nikaona mtoto wangu hayupo, nikasema kaliwa pamoja na magunia.”

“Dada, yaishe,” mmoja wa wajane akamshika bega. “Usiku umeenda. Mwache mtu apande gari.”

“Hayawezi kuisha kimya. Hayakuanza kimya.”

Akamgeukia mgeni. “Shaaban Robert alimwendea Siti mwaka ule wa mwisho, amsimulie maisha yake yapate kuandikwa. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mtu yeyote akitaka leo kujua alikuwa nani, kuna kitabu. Mimi sina mwandishi, baba. Nilichonacho ni matingo. Walioupeleka ule wa kwanza wako hapa usiku huu, wamejaa foleni nzima. Watapeleka na wa pili.”

Akasimama. Kwa magoti yale, kusimama kwake ni kazi ya watu wawili. Usiku ule alisimama peke yake. Matingo waliokuwa wakipanda malori wakashuka tena. Spika za basi zikazimwa, sijui na nani. Bibi akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ileile, kwa mahadhi yaleyale, kwa mizani ileile. Alichobadilisha ni mwanzo tu:

Mwanangu wa tumbo wewe, nasi tutafuna nini?

Akanyamaza hapo. Mstari wa pili haukutoka. Aliufungulia mdomo mara mbili, na mara mbili ukarudi ndani. Wajane walitazama chini. Mgeni alivua kofia, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Aligeuka akalitazama basi.

“Mama,” akasema. “Mimi natoka Dar. Sikusafiri peke yangu. Nimemwomba ashuke tangu foleni ianze, amekataa. Amesema atasikiliza kutoka ndani.”

Pazia la dirisha la nyuma kabisa likasogea. Nikakumbuka mkono, noti ya elfu tano, na chenji isiyosubiriwa. Kutoka gizani mle, sauti ya mwanamume, imekwaruza kama santuri ya zamani, ikaupokea wimbo pale Bibi aliposhindwa:

Gunia arobaini...

Na mlango wa basi ukafunguka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO